Je, Wajua Tezi Dume Huondolewaje?

Chini ya kibofu cha mkojo cha kila mwanamume, ikiuzingira mrija upitishao mkojo, imekaa tezi isiyozidi ndimu ndogo, uzani wake yapata gramu 20, ambayo kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yachukuayo mbegu za uzazi. Nayo huzidi kukua kadiri umri unavyosonga, hata ikaubana mrija huo, na mzee akawa huamka usiku mara kwa mara na kusimama muda mrefu akingojea mkojo utokao kwa matone. Katika Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wako wazee wanaoificha taabu hii kwa staha, wakidhani ni ada ya uzee, mpaka siku mkojo unapofunga kabisa ndipo hupelekwa hospitali kutiwa mpira wa kutolea mkojo.

Aambiwaye kwamba tezi yake itatolewa, na aulize kwanza: je, ni kiini chake tu au ni yote? Kwani hizo ni operesheni mbili mbalimbali, na kuzichanganya ndiko kunakowatia watu hofu isiyo lazima au tumaini lisilo msingi. Tezi iliyokua bila saratani huondolewa ile nyama ya ndani tu, ama kwa chombo kipitishwacho katika njia ya mkojo, ama kwa kupasua chini ya kitovu. Ganda lake hubaki. Nguvu za kiume aghalabu husalimika, ingawa manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje, jambo lisilodhuru mwili. Walakini ganda lililobaki laweza kushikwa na saratani baadaye: Nelson Mandela, akiwa bado mfungwa, alipasuliwa tezi iliyokua mjini Cape Town mwaka 1985, na mwaka 2001 akaonekana ana saratani ya tezi hiyo hiyo.

Operesheni ya pili ni ya saratani ambayo haijatoka nje ya tezi. Tabibu mpasuaji Hugh Hampton Young aliifanya mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1904, na kwa miaka mingi waliopona aghalabu walipoteza nguvu za kiume, hata tabibu Patrick Walsh alipobaini njia ya mishipa ya fahamu ipitayo kandokando ya tezi, na mwaka 1982, katika mji huo huo wa Baltimore, akapasua bila kuikata. Tezi yote hung'olewa pamoja na vifuko vya manii, kisha kibofu huunganishwa na mrija, na mpira hubaki wiki moja au mbili mpaka kiungo kishikane. Baada ya hapo manii hayatoki tena kabisa. Basi mwanamume anayetaka watoto zaidi, na katika nchi hii wako wenye umri mkubwa watakao, hana budi kumwambia tabibu kabla ya kutia sahihi. Nguvu za kiume zaweza kukawia mwaka au miwili kurudi, na wengine hazirudi. Saratani nyingine hukua polepole mno hata ikafaa kuangaliwa tu bila kisu, na hilo pia ni haki ya mgonjwa kuliuliza.

Liwasumbualo wengi zaidi, nami naliona ni sumbuko la haki, ni mkojo kuvuja katika miezi ya kwanza, kwani Mwislamu hujiuliza vipi ataswali. Mazoezi ya kukaza misuli izuiayo mkojo husaidia sana, yakianzwa hata kabla ya upasuaji. Na katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa Wasomali wa sehemu hizi, mwenye udhuru huu hujisafisha, akajihifadhi kwa kitambaa, akatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, na swala yake ni sahihi. Kuacha kunywa maji ili mkojo usitoke, katika joto la Garissa, ni kujidhuru. Kadhalika, aliyepasuliwa asibebe madumu ya maji kwa takribani wiki sita, na akisafiri zile kilomita 370 hivi kutoka Nairobi hadi Garissa ashuke mara kwa mara atembee, damu isigande miguuni.

Damu ya aliyepasuliwa kwa saratani itapimwa kila baada ya miezi kadhaa kwa kipimo cha PSA, yaani cha protini itokayo katika tezi hii, ambacho tezi ikiisha kung'olewa yote hushuka kikawa karibu na sifuri. Kikianza kupanda, mionzi yaweza kufuata, na kwa tiba hiyo siku hizi kiko kituo cha saratani Garissa kwenyewe.