Nguzo ya Ngong: Ukumbusho wa Rubani wa Zamani

Wasomaji wetu wa Moshi wamezoea kuona ndege. Tangu mwaka 1971, ulipofunguliwa uwanja mkubwa wa Kilimanjaro, ndege hupita kando ya mlima mchana na usiku, na mtoto wa Njoro haachi tena mchezo wake ili kuzitazama. Lakini jambo likisha kuzoeleka, mwanzo wake husahauliwa upesi. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za ukumbusho mmoja wa siku za kwanza za urukaji, ambao mtu wa kwetu aweza kusafiri kwenda kuuzuru, na mafunzo yaliyomo.

Kwanza na tukumbuke jinsi eropleni zilivyofika pande zetu. Mapema mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kikosi cha 26 cha warukaji wa jeshi la Kiingereza, ambacho wengi wao walitoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa kikaweka kambi Mbuyuni, mashariki ya Taveta. Kazi yao ilikuwa kupeleleza majeshi ya Wadachi. Moshi ikatwaliwa mwezi wa Machi mwaka ule ule. Mwaka 1930 Mswisi mmoja, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro akaipiga picha Kibo kutoka angani. Na mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, zilizochukua barua na abiria kati ya Uingereza na Cape Town, zilianza kutua Moshi.

Ukumbusho tuusemao uko nchi ya Kenya, katika vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Ni kaburi la Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1887, mwindaji mashuhuri na kiongozi wa safari za wageni. Huyu ndiye aliyeandika katika gazeti la The Times la London kuwalaumu watu waliokuwa wakiwaua wanyama wa Serengeti kwa bunduki hali wameketi ndani ya motokaa. Mwaka 1930 alipata ndege yake mwenyewe, aina ya Gipsy Moth.

Ndege hiyo ilikuwa ndogo sana. Ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, yaliyotengenezwa kwa mti na kufunikwa kitambaa; injini moja; na viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, bila paa. Kuirusha katika nchi zetu za juu si jambo jepesi. Bawa huinuliwa na hewa ipitayo juu yake na chini yake. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likiwa kali huzidi wepesi. Basi ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi juu ya ardhi kabla ya kuinuka, na injini nayo hupungukiwa na nguvu. Mwalimu aweza kuwaeleza wanafunzi wake jambo hili, maana ndivyo ilivyo hata kwa ndege za leo.

Mwezi wa Mei mwaka 1931 Finch Hatton alikwenda Voi kutazama kama tembo waweza kutafutwa kwa ndege. Tarehe 14, asubuhi, aliruka ili arudi Nairobi. Pamoja naye alikuwamo mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau. Ndege ilikuwa haijafika mbali ilipoanguka na kuwaka moto. Wote wawili wakafa.

Rafiki yake Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, alimzika mahali ambapo wao wenyewe walipachagua zamani. Hapo, siku ya mbingu safi, mtu huona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro yetu upande wa pili. Baadaye ndugu yake marehemu alisimamisha juu ya kaburi nguzo ya jiwe yenye ncha.

Atakaye kwenda kutoka Njoro na ashike njia ya Arusha na Namanga hata Nairobi, akiwa na hati yake ya kusafiria. Nyumba ya Bibi Blixen, ambayo ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1986, iko njiani kuelekea Ngong, nayo yafaa kutazamwa kwanza. Afikapo kaburini na aombe ruhusa kwa watunzaji wa mahali, asipande juu ya jiwe wala asichore jina lake. Akiwa na watoto, awaonyeshe upande uliko mlima wao, ndipo awasimulie habari za ndege za Mbuyuni.

Lakini liko jambo moja ambalo mgeni asiondoke bila kulifikiri. Walioanguka Voi walikuwa wawili, na jina lililoandikwa katika nguzo ni moja. Jiwe halisemi ila neno lililotiwa juu yake. Jina la Kamau twalijua kwa sababu waliosimulia ajali ile walilitaja, lakini habari za maisha yake ni chache mno. Ndivyo ilivyo pia kwa watu waliokata miti na kusawazisha viwanja vya ndege za kwanza, na wapagazi waliochukua mizigo ya vita ile.

Hao walioyaona kwa macho wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wangali nasi, na wengine huikumbuka simulizi ya babu. Twawasihi walimu na wazee wa Moshi na Taveta waziulize jamaa hizo sasa, na majina yaandikwe katika daftari ya shule pamoja na kijiji na kazi ya kila mmoja. Daftari haina fahari ya nguzo ya jiwe, walakini yaweza kutunza majina ambayo nguzo haikupewa.