Je, Wajua? Mtaalamu wa Madini Aliyeusoma Ukuta wa Maragha

Kata bamia kwa kukingama, utaona pembe tano. Papai nalo ukilikata hivyo hivyo, tundu la mbegu linatokea kama nyota ya ncha tano. Kiti cha pweza kule ufukweni ana mikono mitano. Viumbe hai wanaipenda tano. Mawe hayaipendi. Punje ya chumvi ukiitazama kwa lenzi ni mchemraba, na theluji hujipanga kwa sita.

Sababu yake ni hesabu ndogo ambayo kila fundi wa kuweka vigae anaijua hata kama hajawahi kuiandika. Pembe ya mraba ni nyuzi 90, kwa hiyo vigae vinne vinakutana na kuikamilisha duara ya 360. Vigae vya pembe sita, kama vyumba vya sega la nyuki, vinakutana vitatu vya nyuzi 120. Sasa jaribu kigae cha pembe tano: pembe yake ni nyuzi 108. Vitatu vinafika 324, ufa wa nyuzi 36 unabaki. Cha nne hakiingii. Fuwele za madini nazo ni kama sakafu ya atomi, kipande kimoja kikirudiwa pande zote bila ufa, ndiyo maana kwa miaka mingi vitabu vya sayansi vilisema fuwele ya pembe tano haiwezekani.

Je, wajua kwamba ufa huo wa nyuzi 36 ulishapata mafundi wa kuuziba tangu mwaka 1197? Wakati huo katika mji wa Maragha, kaskazini-magharibi mwa Irani, lilimalizwa kaburi la matofali linaloitwa Gunbad-i Kabud, yaani Kuba la Buluu, kwa sababu ya vigae vyake vya rangi ya feruzi. Jengo lina pande kumi. Wenyeji wamelizoea kama kaburi la mama yake Hulagu, mfalme wa Wamongolia, ingawa lilikuwa limesimama miaka kama 20 kabla Hulagu hajazaliwa. Kuta zake zimefunikwa na nakshi ya pembetano, nyota, maumbo kama uru ya karata na mengine yaliyobanwa kiunoni kama kipepeo. Fundi hakulazimisha pembetano zijaze ukuta peke yake. Kila zilipokataa kukutana, aliingiza umbo jingine lililotoka katika pembe zile zile za 36, 72, 108 na 144. Ufa ukageuka kuwa sehemu ya nakshi.

Aliyeuona ukuta huo kwa jicho jipya hakuwa mwanahistoria wa sanaa. Ni Emil Makovicky, mtaalamu wa madini aliyezaliwa Bratislava mwaka 1940 na kufundisha Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kazi yake kubwa ni sulfosolti, madini ambamo salfa huungana na metali kama risasi, fedha na bismuthi. Muundo wake wa atomi ni wa kuchosha akili, na njia aliyoitumia ni kuutenganisha katika matabaka na matofali machache rahisi, kisha kuonyesha jinsi yanavyopangwa upya kuzaa madini mengine. Kuna hata madini ya fedha, bismuthi na salfa yaliyopewa jina lake, makovikyiti.

Mtu aliyezoea kazi hiyo akisimama mbele ya nakshi hawezi kuona maua tu. Mwaka 1992 Makovicky alichapisha uchambuzi wa ukuta wa Maragha. Alitenganisha mchoro vipande vipande na kukuta kwamba unakaribiana sana na vigae vya Roger Penrose, mwanahisabati wa Uingereza ambaye miaka ya 1970 alionyesha maumbo mawili tu yanayoweza kujaza sakafu isiyo na mwisho bila mpangilio kujirudia hata mara moja. Kutokana na ukuta huo Makovicky akatunga aina mpya za mipangilio isiyojirudia. Mimi sidhani fundi wa Maragha alikuwa na nadharia ya Penrose kichwani. Ila tatizo lenyewe alilijua, na alilimaliza kwa matofali, si kwa karatasi.

Mwaka 2007 wanafizikia Peter Lu na Paul Steinhardt waliandika kuhusu jengo la Darb-i Imam, mjini Isfahan, la mwaka 1453. Walieleza kwamba mafundi wa enzi hizo walitumia vigae vya aina tano vinavyoitwa girih, neno la Kiajemi lenye maana ya fundo: chenye pembe kumi, pembetano, cha pembe sita kilichorefushwa, uru, na kilichobanwa kiunoni. Pale Isfahan nakshi kubwa imejazwa nakshi ndogo ya aina ile ile. Walipoigeuza kuwa vigae vya Penrose walihesabu 3,700, na vilivyokaa vibaya vilikuwa 11 tu. Habari hiyo ilivuma duniani kote, na Makovicky akaandika katika jarida lililochapisha makala yao kukumbusha kwamba ukuta wa Maragha ulikuwa umechambuliwa miaka 15 nyuma. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Jiolojia na nakshi zimewahi kukutana hata ndani ya nyumba moja. M. C. Escher, mchoraji wa Uholanzi, alikwenda kunakili nakshi za kuta za kasri la Alhambra, Uhispania, mwaka 1922 na tena 1936. Kaka yake wa baba mmoja, Berend, alikuwa profesa wa jiolojia Leiden. Alipoiona michoro ya mdogo wake aliitambua mara moja: hii ni sayansi ya fuwele! Akampa orodha ya makala za kusoma, ikiwemo ya mwanahisabati George Pólya ya mwaka 1924 iliyochora njia 17 za kurudia nakshi juu ya sakafu. Hakuna ya 18. Jambo hilo lilishathibitishwa mwaka 1891 na Yevgraf Fyodorov, Mrusi, naye mtaalamu wa fuwele. Mwaka 1944 Edith Müller aliandika tasnifu ya udaktari Zurich kuhusu njia hizo ndani ya Alhambra, akapata 11. Baadaye alikuwa mwanaastronomia.

Je, fuwele ya pembe tano haiwezekani kweli? Tarehe 8 Aprili 1982 mwanasayansi Dan Shechtman, akiwa Marekani, alipitisha elektroni katika aloi ya alumini na manganizi, akaona nukta zimejipanga kwa kumi, yaani mara mbili ya tano. Wakubwa wa kemia walimkatalia, Linus Pauling mwenye Nobeli mbili akiwa mbele yao. Shechtman alipata Nobeli yake mwaka 2011. Atomi za aloi hiyo zilikuwa zimejipanga kwa utaratibu usiojirudia, kama vigae vya Penrose.

Lakini hiyo ilikuwa aloi ya maabara. Fuwele ya asili ya namna hiyo ilitafutwa hadi 2009, mtaalamu wa madini Luca Bindi alipoikuta katika kijiwe kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Florence, chembe ndogo ya alumini, shaba na chuma. Kijiwe kilitoka milima ya Koryak, mashariki ya mbali ya Urusi. Mwaka 2011 msafara ulikwenda huko kuchimba udongo wa kando ya kijito na kupata chembe zaidi. Vipimo vilionyesha kwamba jiwe hilo si la dunia hii. Ni kimondo.