Kitendawili cha Nyumbani

Tangu mwaka 2007, askari wa Uganda wamekwenda Somalia na kurejea. Mara nyingi tumeshuhudia arejeaye akikuta ukimya nyumbani: mume hajui aanze na lipi, mke hajui aulize lipi. Ndugu askari na polisi, wazee walituachia dawa. Waganda husema “Koyi koyi”, wakajibiwa “Lya”. Waswahili husema “Kitendawili”, wakajibiwa “Tega”. Basi tegeaneni mambo yenu. Mume atege: “Nikiwa mbali, niliota chakula gani?” Mke naye: “Paa lilipovuja, nani alilipanda?” Ashindwaye atoe mji, kama ilivyo desturi, ndipo apewe jibu. Hapo mazungumzo yameanza. Mwenzi aliyelinda nyumba mwaka mzima hahojiwi kama mshukiwa, hutegewa kitendawili.