Si Kila Chombo ni "Boti"

Hapa Garissa kila kinachoelea juu ya Mto Tana sisi hukiita "boti", basi! Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, tena halikwambii chombo kimeundwa vipi. Majina ya zamani yanasema mengi zaidi.

Chukueni mtumbwi. Huo ni gogo moja lililochongwa likakombwa ndani. Majirani zetu Wapokomo huuita waho. Sasa sikilizeni: Waganda wana eryato, Wanyarwanda ubwato, na kule kwenye Mto Kongo wasemao Kilingala husema bwato. Mnaona? Ni neno moja kongwe la Kibantu, lililosafiri na wenyewe kutoka mto hadi mto, likabadilika sauti njiani. Mimi naliona ni la thamani kuliko mtumbwi wenyewe, maana gogo huoza.

Baharini majina yamekuja na pepo za kaskazi na kusi. Jahazi ni neno la Waajemi na Wahindi, ambao huita jahaz meli yoyote ile. Hori, kile chombo kidogo cha kasia, asili yake ni Bara Hindi, likapitia kwa Waarabu. Wenzangu mnaozungumza Kisomali nyumbani hamhitaji kamusi hapo: ndiyo huuri yenu! Ngalawa nayo ni mtumbwi ulioongezwa matengo, yaani mbao za ubavuni za kuuzuia usipinduke, na ufundi huo ulitoka mbali, visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Matengo hayo ndiyo yanayonifanya niandike. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakawa wanavushwa majini. Chombo kimoja kilipinduka na watu wakafa. Siku zile ukiuliza watu wanavuka kwa nini, unajibiwa "boti" tu. Lakini mtumbwi mwembamba usio na matengo hautaki abiria asimame. Unakaa chini, katikati, umetulia tuli. Mashua pana ya mbao huvumilia zaidi, ila nayo ina kipimo cha watu. Basi mimi nikiambiwa kuna boti ng'ambo ile, kabla sijatia mguu nauliza: ni mtumbwi au ni mashua, na majaketi ya kuokolea yako wapi?