Mtumbwi juu ya tela: namna ya kuufikisha kambini Rukwa ukiwa mzima

Mpunga ukishavunwa, tela lililokuwa linabeba magunia hupata kazi nyingine. Wapo wanaotoka Msangano na vijiji vingine vya Wilaya ya Momba kwenda kuweka kambi ya uvuvi Ziwa Rukwa kwa wiki kadhaa, na mizigo yote ya safari hiyo huenda kwenye tela moja: nyavu, unga, sufuria, turubai la kulalia, madumu ya maji na, juu ya vyote, mtumbwi. Wengine hutumia ng'ombe, wengine pawatila, wachache trekta au gari.

Tukizungumzia hatari za safari hiyo, kwanza hutajwa mamba na upepo wa ziwani. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini mtumbwi unaweza kuvunjika kabla haujagusa maji, na mtu akaumia pamoja nao. Mzigo uliopangwa vibaya nyumbani ndio unaopindua tela korongoni. Kwa sababu hiyo, ndugu msikilizaji, makala haya yatakaa barabarani muda mrefu zaidi kuliko ziwani.

Uzito ukae wapi

Tela la magurudumu mawili ni kama mzani, na ekseli yake ndipo mzani unapoegemea. Ukirundika mizigo mbele, upande wa mbele unalemea. Ukirundika nyuma, upande wa mbele unanyanyuka. Mtumbwi ni mrefu kuliko tela, hivyo sehemu yake kubwa huning'inia nyuma, na hapo ndipo mizani huharibika bila mwenye mzigo kugundua.

Kwa ng'ombe, mzigo ukilemea mbele nira inawakandamiza shingoni, na baada ya saa chache kuna vidonda. Ukilemea nyuma, mti wa kukokotea unapanda juu na mikanda ya nira inawakaba koo. Ng'ombe anayesimama kila hatua kumi si mvivu. Mtazame shingo kwanza.

Kwa pawatila, mzigo ukilemea nyuma unanyanyua sehemu inapofungwa tela. Magurudumu ya pawatila hayashiki ardhi vizuri tena, na mikono ya usukani inakuwa miepesi mno. Kwa gari, dalili ni tela kuanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Dereva akishtuka na kukanyaga breki kwa nguvu, tela linaweza kugeuka ubavu na kulivuta gari nalo. Aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani wima, mwendo upungue wenyewe. Kisha asimame na kupanga mzigo upya.

Kipimo kinachotumika kwa tela la gari ni kwamba takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee kwenye ndoano ya mbele. Tela na mzigo wake vikiwa kilo 400, ndoanoni kuwe na kama kilo 40, yaani uzito wa ndoo mbili za maji za lita 20. Huna mizani? Kabla ya kulifunga tela, liweke sehemu tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, kisha nyanyua upande wa mbele kwa mikono. Mtu mzima mmoja akishindwa kabisa kuunyanyua, mbele kumezidi. Ukinyanyuka wenyewe, usitoke nyumbani. Kwa ng'ombe uwe mwepesi zaidi ya hapo: nira itulie shingoni bila kukandamiza.

Vitu vizito, yaani unga, madumu na nyavu zilizolowa, vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mwenye injini ya boti aivue. Ikibaki imefungwa mkiani mwa mtumbwi, kila shimo la barabara linaitikisa na mbao za nyuma zinalegea.

Pumba za mpunga zina kazi

Matela yaliyotengenezwa maalumu kwa boti, kama yale ambayo familia za Marekani na Ulaya huvuta wakienda kupiga kambi kandokando ya maziwa, yana vishikio vilivyokaa kama umbo la tumbo la boti, pamoja na vigurudumu vya kuitelezesha. Tela la magunia halina hayo. Mtumbwi ukiwekwa moja kwa moja juu ya bodi ya chuma, uzito wote unaangukia sehemu mbili tatu, na kila mtikisiko unagonga palepale.

Tiba yake ipo nyumbani. Jaza pumba za mpunga kwenye magunia ya zamani, yasijae sana, kisha yapange chini ya mtumbwi mahali mataruma yalipo, kwa sababu hapo ndipo mbao zina nguvu. Ukiulaza kifudifudi, weka magunia hayo chini ya kingo. Sisi tunapendelea kifudifudi kwa safari ndefu: mvua haijai ndani, na hakuna anayeshawishika kupanda na kukaa humo. Kuhusu hilo la kukaa humo hatuna maneno mengi. Mtu asipande ndani ya mtumbwi ulio juu ya tela, hata mtoto, hata kwa kilomita moja. Tela likipinduka, mtumbwi unamwangukia.

Kamba zinazopita juu pekee hazitoshi. Mtumbwi utabaki chini, lakini utateleza mbele kwenye mteremko na kurudi nyuma kwenye mlima. Funga pia kamba moja inayouvuta kwenda mbele na nyingine inayouvuta kwenda nyuma. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Ya nailoni huvutika ikilowa. Kwa hiyo simama baada ya kilomita chache za kwanza, mzigo ukiwa umejikalisha, ukaze tena, na urudie kila unapopumzisha ng'ombe. Sehemu inayozidi mwisho wa tela ifungwe kitambaa chekundu kinachoonekana mbali na viakisi mwanga. Usiku ni bora kulala njiani. Dereva wa lori anayetokea nyuma huona tela. Ncha ya mtumbwi inayolizidi haioni mpaka amefika.

Mteremko na pawatila

Anayetokea Tunduma au Mbozi anaujua mteremko wa kuingia bondeni. Aliye Msangano tayari yuko bondeni, lakini bado ana makorongo ya kushuka na kupanda. Hapa pawatila ina tabia ambayo kila dereva angepaswa kufundishwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Kwenye tambarare, ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachwa bila nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na pawatila inakata kushoto. Kwenye mteremko mkali, tela likiwa linasukuma kutoka nyuma, mambo yanageuka. Gurudumu ulilolibania klachi linakuwa huru na kukimbia, wakati lile lingine linazuiwa na injini. Umebana kushoto, pawatila inakata kulia. Dereva asiyejua hubana zaidi, na hapo anaishia korongoni na mtumbwi juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kushuka, simama juu, weka gia nzito, na usiibadilishe katikati ya mteremko. Usiguse klachi za kukatia kona. Geuza kwa kusukuma mikono ya usukani taratibu. Tela likiwa na breki, itumie mapema na kidogo kidogo. Wenzako watembee pembeni upande wa juu, mmoja akiwa na gogo au jiwe la kuzuia gurudumu. Asitangulie mtu mbele ya tela wala asifuate nyuma karibu.

Kubeba chombo cha majini kwenye nchi kavu si jambo jipya upande wetu. Meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Good News, mali ya wamisionari wa London, ililetwa vipandevipande kupitia Ziwa Nyasa, ikabebwa na wapagazi kwenye njia iliyopita si mbali na Tunduma ya leo, na ikaanza kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Miaka 30 baadaye, mwaka 1915, Waingereza walivuta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kupitia Katanga hadi ziwa hilohilo, kwa reli, kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe. Wakati huo pia vilima ndivyo vilivyowatesa zaidi.

Jua hufungua mbao

Mtumbwi wa mbao huishi vizuri ukiwa na unyevu. Ukikaa juani siku mbili tatu juu ya tela, mbao husinyaa, viungo hufunguka, na ule wa gogo unaweza kupasuka kabisa. Ukifika ukautia majini na kupanda palepale na nyavu zako, utaanza kuchota maji badala ya kuvua.

Ufunike njiani kwa magunia yaliyoloweshwa, hasa sehemu za viungo, na juu yake turubai. Ukifika, uzamishe kwenye maji ya kina kifupi ukiwa mtupu, ufungwe kamba, ulale humo usiku mmoja. Mbao zitavimba na kuziba nyufa ndogo. Asubuhi uutoe, kagua panapovuja bado, ziba, ndipo uende. Siku moja inayopotea hapo haina hasara. Boti ya faiba haina shida hiyo, ila ikagonge kwa vidole pale ilipoegemea tela. Mlio ukibadilika, huenda kuna ufa ndani.

Kufika ufukweni

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, kina chake ni kifupi, na ufuko wake ni tambarare. Maji yakiongezeka kidogo tu, ukingo unasogea mbali. Palipokuwa na kambi mwaka jana panaweza kuwa ziwa mwaka huu, na udongo mweusi unaoonekana mkavu juu unaweza kumeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Lisimamishe tela kwenye ardhi ngumu na usilisogeze hata kama maji yanaonekana karibu. Kutoka hapo uviringishe mtumbwi juu ya magogo matatu manne, la nyuma likihamishiwa mbele kila linapoachwa.

Kuna wanaopenda kurudisha tela hadi ndani ya maji. Matela mengi ya kwetu yametengenezwa kwa ekseli za magari ya zamani zenye beringi. Baada ya safari beringi huwa za moto. Zikitumbukizwa ghafla kwenye maji, hewa iliyo ndani hupoa na kuvuta maji ndani. Grisi inaharibika, kutu inaanza, na gurudumu linakwama wiki zijazo ukiwa umebeba magunia. Kama ni lazima kuingia, subiri zipoe, na ukirudi nyumbani badilisha grisi.

Kisha mamba. Rukwa inao wengi, na viboko pia. Wakati wa hatari kubwa ni ule wa kusukuma mtumbwi, mtu amesimama kwenye maji ya kiunoni, macho yake yako kwenye mzigo. Pakia mtumbwi ukiwa bado umegusa nchi kavu, panda, kisha jisukume kwa upondo. Usifanye kazi hiyo jioni wala usiku. Mahema yawe mbali na maji na mbali na njia za viboko, na matumbo ya samaki yasitupwe kambini. Maji ya ziwa hili yana magadi, hivyo beba ya kunywa na uyachemshe. Kila anayeingia mtumbwini avae jaketi okozi. Kina kifupi hakimaanishi mawimbi madogo: upepo ukivuma juu ya maji mafupi, mawimbi huwa ya karibukaribu na hujaza mtumbwi haraka.

Karatasi za kubeba

Kwa Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, mvuvi anahitaji leseni, na chombo chake kinatakiwa kusajiliwa. Ukiuhamisha mtumbwi, kumbuka kwamba ziwa liko kwenye mkoa zaidi ya mmoja. Ukivuka daraja la Mto Momba kutoka Kamsamba kwenda Kilyamatundu, umeingia Mkoa wa Rukwa. Mpigie ofisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda kabla ya kupakia, umuulize vibali na kama uvuvi uko wazi. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, na amri kama hiyo ikikukuta tayari uko ufukweni na tela, gharama ni yako.

Wakati wa kurudi, anayeuacha mtumbwi ziwani aukabidhi kwa mtu anayemfahamu, aupandishe mahali palipoinuka, aulaze kifudifudi juu ya magogo ili mchwa wasiufikie, na aufunike usipigwe jua. Anayeurudisha Msangano amwage maji yote kabla ya kuupakia. Lita moja ya maji ni kilo moja, na maji hukimbilia upande unaoinama: ukipanda korongo, yote yanahamia nyuma ya tela.