Adui Si Jirani

Ijumaa jioni Mutuka, mjini Babati, vumbi la barabarani likishatulia na Mlima Kwaraa ukianza kumezwa na giza, utawaona akina mama wakitoka majumbani wawili wawili. Khanga moja kiunoni, nyingine mabegani kwa ajili ya baridi. Biblia kwapani, mtoto mgongoni. Wanakwenda mkesha. Mlangoni ni "Bwana asifiwe!" na "Amina!", kisha mapambio yanaanza. Watoto wanalazwa nyuma kwenye mikeka, na usingizi unawachukua katikati ya makofi.

Inapofika saa sita usiku, nyimbo hukoma. Kwa waumini wengi wa huku, hiyo ndiyo saa nguvu za giza zinapotembea, kwa hiyo ndiyo saa ya kusimama. Kiongozi anasema, "Tuingie vitani," na kila mtu anaomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Mmoja analia, mwingine anapiga mguu chini na kukemea: "Achia! Toka!" Mgeni atasikia kelele tu. Mwenyeji anajua kila sauti imebeba nini: mtoto anayeanguka darasani, posa iliyovunjika mara ya tatu, shamba la mahindi na mbaazi lisilorudisha hata gharama ya mbegu. Hivyo ndivyo vita vya kiroho vilivyo hapa. Watu huvipigania vitu vyenye majina.

Imani hii haikuota kwenye ardhi tupu. Wairaqw wa eneo hili walimjua Lo'a, Mungu wanayemtaja kama mama na kumhusisha na jua, mwenye kutoa mema. Walizijua pia roho za Netlangw, zinazokaa kwenye maji na chemchemi, ambazo mtu hakuzifanyia mzaha. Nyumba iliyopatwa na kifo au tukio lililohesabiwa kuwa unajisi ilitengwa kwa muda, desturi iitwayo meeta, ili balaa lisienee. Wazee nao walifanya masay, ibada ya kuikinga nchi na mipaka yake. Na ilikuwapo slufay, sala ndefu ya baraka: mzee anaongoza, waliokaa naye wanaitikia kila kifungu, wakiomba mvua, mifugo, uzazi na amani. Nguvu yake ilikuwa katika kuitikia. Kikao chenye ugomvi kingewezaje kubariki? Ukishaelewa hilo, huwezi kushangaa kwamba maombi ya pamoja yamepata mizizi upesi hivi Babati.

Makanisa hayaendi vitani kwa njia moja. Kwa Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu, vita huanzia kwenye ubatizo, mbatizwa au wazazi na wasimamizi wake wanapomkataa Shetani hadharani. Kumfukuza pepo kwa ibada rasmi ni kazi ya padri aliyeruhusiwa na askofu, kama sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inavyoagiza. Walutheri wanaombea wagonjwa na wenye mapepo, huku wakisisitiza Neno na sakramenti. Wapentekoste wanaamini kila aliyeokoka ana mamlaka ya kukemea. Swali linalowagawa hata walioketi benchi moja ni hili: je, aliyeokoka anaweza kukaliwa na pepo? Wako wanaosema haiwezekani, nyumba haina wenye nyumba wawili. Wengine wanajibu kwamba mtu anaweza kuwa wa Kristo na bado akafungwa na laana ya ukoo au maagano ya mababu, mpaka afunguliwe.

Ndiyo maana kuokoka huku mara nyingi huja na moto. Aliyetubu huleta hirizi zake na zindiko lililofukiwa mlangoni, vikachomwa mbele ya kanisa watu wakiimba. Nyumba mpya nayo haihamiwi kimyakimya. Majirani wanaitwa, wanaombea chumba kwa chumba, na chai inanywewa hapo hapo.

Lakini vita hivi vina mahali vinapoweza kupotea njia, na lazima tuseme. Vinapotea pale mtumishi anapoacha kumkemea Shetani akaanza kumtaja bibi fulani wa nyumba ya tatu. Tanzania tunajua matunda ya hilo: huko Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Sheria ya uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado tunayo, inamzuia mtu kumtuhumu mwenzake uchawi. Ila Mkristo hapaswi kungoja sheria. Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso habari za silaha za Mungu, alisema wazi kwamba tunaopigana nao si wanadamu. Anayemgeuza jirani kuwa adui ameshashindwa vita kabla ya saa sita kufika.

Walioifanya huduma hii vizuri walilijua hilo. Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliombea maelfu ya watu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 1975, naye alidai toba kabla ya uponyaji. Mutuka nimemwona mzee wa maombi, bibi mmoja, akifanya hivyo hivyo kwa njia yake. Mama mmoja alikuja akilia: ng'ombe wake wawili wamekufa, na ana hakika mkono ni wa wifi yake. Yule bibi alimshika mikono, akakaa kimya, kisha akamuuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho mmekula pamoja lini?" Mama hakukumbuka. "Basi nenda kale kwake kwanza. Ukirudi tutaomba. Na daktari wa mifugo umwite."

Ijumaa iliyofuata walikuja wawili. Sikuambiwa walisemezana nini. Niliona tu kwamba saa sita ilipofika walisimama benchi moja, khanga zao zikigusana, na sauti zao sikuweza kuzitenganisha.