Wembe Unaonolewa kwa Kipimo

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walikusudia kwamba mkaidi hufunzwa na jeraha. Lakini je, msomaji mpenzi, ikiwa wembe wenyewe waweza kupunguzwa makali, kisha ukarudishiwa kidogo kidogo kadiri mkono wa mtoto unavyokomaa, bado tuna haki ya kungojea damu?

Swali hili si la mzaha. Mwezi wa Desemba mwaka 2021, kampuni ya Stark Future ya Uhispania ilizindua Varg, pikipiki ya umeme ya mashindano ya matopeni, isiyo na klachi wala gia. Nguvu yake huteuliwa kwenye kioo kidogo kilicho usukanini, kuanzia nguvu-farasi 10 hadi 80. Chombo kile kile kinachomfaa mwanagenzi asubuhi chaweza kumtoa bingwa jasho jioni.

Haja ya kipimo hicho ni wazi. Injini ya petroli hukusanya nguvu kadiri inavyozidi kuzunguka. Mota ya umeme huwa na msokoto mkubwa tangu inapoanza kuzunguka. Mkono ukikosea kidogo matopeni, gurudumu la nyuma huzunguka bure na mpandaji akaanguka. Ndipo kidhibiti cha utelezi, kwa pikipiki zilizo nacho, kinapofanya kazi: hupima mzunguko, na kasi ikiruka ghafla hupunguza umeme kabla mpandaji hajang'amua lolote.

Wako wanaodai kwamba msaada huo unaua ufundi. Hawakukosea kabisa. Asiyewahi kuhisi tairi likiteleza hawezi kuujua mpaka wa mshiko wake, na bingwa hulitelezesha kwa makusudi apate kugeuka. Lakini dosari hiyo ni ya mkufunzi, si ya chombo. Mwalimu wa hesabu hamnyimi mtoto wa darasa la kwanza vijiti vya kuhesabia. Wala hamwachi avibebe hadi sekondari.

Hatari yenyewe iko kwingine. Kipimo kinachoshushwa kwa kidole hupandishwa kwa kidole hicho hicho. Tena kupunguza nguvu hakupunguzi uzito wa chombo, unaozidi kilo 100. Kijana akiachwa peke yake na kioo kile, atafika 80 kabla hajaimudu 20.

Hapa kwetu, pikipiki za umeme tayari zabeba abiria jijini Nairobi. Tusijivunie chombo kinachotii kipimo ilhali hatujamwandaa wa kukipima. Wembe na utolewe, lakini jiwe la kunolea libaki mkononi mwa mwalimu.